Saa Moja, Wiki Iliyopita

Naitwa Makvala. Mdadisi wa nguvukazi, mkataba wa miezi mitatu.
Napanda maghorofa ya Kutaisi kishikwambi kwapani.
Lifti za huku hudai sarafu kabla hazijakubeba,
na ofisi hairudishi nauli ya lifti,
basi hadi ya nne natumia magoti yangu;
kuanzia ya tano naulisha ule mdomo wa chuma.

Ghorofa ya saba, kaya ya kumi na moja.
Anafungua kijana mwenye vumbi la saruji kwenye kope.
Jina? Bachana. Umri? Ishirini na tatu.
Wiki iliyopita, nasoma kama dodoso linavyotaka,
ulifanya kazi ya malipo, japo saa moja?
Anakuna shingo. Jumanne alimbebea jirani jokofu;
siku hiyo lifti ilikuwa imekufa.
Dakika ngapi? Arobaini.
Na kulishusha lile bovu? Ishirini na tano.
Basi, namwambia, umeajiriwa.

Anacheka mpaka mbwa wa ng'ambo anabweka.
"Mama! Njoo usikie! Nimepata kazi!"
Mama anatoka jikoni mbio,
viganja vina unga wa mahindi, uso umemchanua,
na mimi, kidole juu ya kisanduku cha NDIYO,
nashindwa kuinua macho.

Dada yake, Tekle, hakutoka chumbani. Nikamfuata.
Shahada yake ya uhandisi wa madaraja
imebandikwa ukutani kuziba ufa.
Wiki nne hizi, umetafuta kazi?
"Nilitafuta miaka miwili."
Wiki nne hizi.
"Hizi, hapana."
Dodoso likajifunga lenyewe: nje ya nguvukazi.
Nje! Naye yumo ndani, blanketi hadi kidevuni,
Januari ikimpulizia kupitia tundu la ufunguo.
Angeandika barua moja tu, hata ya kukataliwa,
angekuwa tatizo la taifa.
Amenyamaza, na asilimia imeshuka.

Mjomba wangu Shalva, kijijini,
alikuwa na ajira miaka mingi pasipo kujua:
ng'ombe mmoja, mahindi mistari kumi, nyanya za kula mwenyewe.
Kikaja kipimo kipya, kikasema
anayelima cha tumbo lake hahesabiwi.
Akalala mwajiriwa, akaamka si chochote,
na ng'ombe akataka kukamuliwa saa ileile.

Sisemi takwimu zinadanganya.
Pasipo mizani soko hugeuka ugomvi,
nami mwenyewe nimewafunda wadadisi wapya:
usiongeze neno, usimwonee mtu huruma ndani ya jibu lake.
Nasema tu, mizani hupima kilichowekwa juu yake;
mkono uliobeba mfuko hauingii kwenye kilo.
Mkono mtupu haulambwi, walinena,
lakini kisanduku cha mkono mtupu
nimekitafuta kurasa zote, sikukiona.

Jioni televisheni ya jirani inapenya ukuta:
ukosefu wa ajira kwa vijana umepungua robo hii.
Najua bila kuona kuna mstari mwekundu
unaoteremka kwenye chati polepole, kwa tahadhari,
kama mtu anayeshuka ngazi na jokofu mgongoni.

Mkataba wangu unakwisha tarehe thelathini.
Akibisha mdadisi mwingine mlangoni pangu
nitamjibu kabla hajavuta pumzi za ngazi,
na nitamrudishia sarafu yake ya lifti.

Saa nne usiku simu inatikisika. Nilimwachia kadi.
"Dada wa hesabu, ni Bachana. Mtu wa ghorofa ya tisa
ana mashine ya kufulia. Nikiibeba kesho,
nitakuwa na kazi mbili?"

Nafuta jibu la kwanza. Nafuta na la pili.
Moja tu, namwandikia.
Sisi tunahesabu vichwa, Bachana.
Migongo hatuhesabu.